Picha za figo za panya hai kwa kamera ya gama: Uganda tusianze na tundu moja?

Makindye_Fizikia (mleta uzi)

Wakuu, salaam kutoka Kampala. Hoja hii nimeiwaza kwa muda mrefu, leo naiweka mezani ili wenye ujuzi waichambue. Naamini tunaweza kupiga picha za nyuklia za panya wa maabara, picha zinazotenganisha vitu vilivyoachana chini ya milimita 2, bila kungoja mashine ya mabilioni ya shilingi. Kamera za gama, zile zinazopiga picha ya miale itokayo kwenye dawa iliyodungwa mwilini, nchini zipo. Kinachokosekana ni kipande cha metali ya risasi au tangsteni chenye tundu, kitanda kidogo cha kumlaza panya, na watu wa kuketi pamoja.

Nianze na shida yenyewe. Wenzetu wanaochunguza usalama wa mitishamba huwanywesha panya dondoo la mmea kwa wiki kadhaa, na kila kipindi kikifika wanawaua baadhi ili figo na ini vitazamwe kwa hadubini. Ukitaka vipindi 5, na kila kipindi panya 6, hao ni panya 30 kwa dozi moja tu. Na bado kuna swali la msingi halijajibiwa: yule aliyekutwa na figo mbovu wiki ya sita, wiki ya pili alikuwaje? Hujui, maana aliyepimwa wiki ya pili ni panya mwingine na amekwisha kufa. Kreatinini ya damu, kile kipimo cha kawaida cha figo, nayo inachelewa. Figo hupoteza karibu nusu ya uwezo wake kabla kipimo hakijapanda waziwazi, na hata kikipanda hakikwambii ni figo ya kushoto au ya kulia.

Tiba ya nyuklia ina jibu la siku nyingi. Dawa iitwayo DMSA, ikibandikwa tekinetiamu-99m, hunaswa na seli za mirija ya figo na kukaa humo. Mirija ikiumia, inanasa kidogo. Hospitalini hutumika kutafuta makovu kwenye figo za watoto waliougua maambukizi ya mkojo mara kwa mara. Tekinetiamu hutoa miale ya gama ya kiloelektrovolti 140, na nusu-uhai wake, yaani muda wa nguvu yake kupungua nusu, ni saa 6. Baada ya siku moja imebaki sehemu 1 kati ya 16, baada ya siku tatu hakuna la kuhesabu. Panya yuleyule unamrudia wiki ijayo na wiki ya baadaye. Panya 6 wanafanya kazi ya 30, na kila mmoja analinganishwa na hali yake mwenyewe ya kabla ya dawa.

Kikwazo ni udogo. Mtu mzima tunamhesabu kilo 70, panya wa maabara gramu 250 hivi, na kipanya, yule mdogo mweupe, gramu 20 hadi 30. Figo ya panya ina urefu wa milimita 15 hadi 20. Kamera ya hospitali yenye kolimeta (bamba la risasi linalochuja miale) ya matundu sambamba, kwa umbali wa sentimita 10, inatenganisha vitu vilivyoachana milimita 7 au 8. Mlaze panya hapo utaona vidoa viwili vilivyovimba, basi. Sehemu ya nje ya figo na ya ndani huzitofautishi.

Dawa yake ni tundu. Ukiwa ndani ya chumba cha mabati chenye tundu dogo mchana wa jua, ukuta wa pili huchorwa picha ya nje, juu chini, na kadiri ukuta ulivyo mbali na tundu ndivyo picha inavyozidi kuwa kubwa. Miale ya gama haipindishwi na lenzi, lakini kwa tundu inapita vilevile. Weka figo milimita 40 kutoka kwenye tundu na fuwele ya kamera, ile inayonasa miale, milimita 200 upande wa pili, picha inakuzwa mara 5. Ukungu wa kamera yenyewe, tuseme milimita 3.5, ukigawanya kwa 5 unabaki 0.7. Tundu la milimita 1, ukijumlisha miale inayopenya kingo zake, linafanya kazi kama la milimita 1.16 likiwa la tangsteni au 1.21 likiwa la risasi. Zidisha kwa 1.2 ambayo ni ya jiometria, changanya na ile 0.7 kwa mraba na kipeuo, unapata kama milimita 1.6 kwa metali zote mbili. Kutoka 7 hadi 1.6, kwa kamera ileile.

Gharama yake ni hesabu chache. Kwa vipimo hivyo tundu linapitisha takribani mwale 1 kati ya 25,600. Lakini figo mbili zikiwa na megabekereli 20 (kipimo cha nguvu ya mionzi) kwa pamoja bado unapata mamia ya hesabu kila sekunde, na dakika 10 zinatosha kwa picha nzuri ya upande mmoja. Kumbuka tu kwamba tundu likipunguzwa nusu, hesabu zinabaki robo.

Naomba tuijadili kwa uzito. Wa hospitali, wa mifugo, wa mitishamba, mafundi, wote karibuni.

Mzee_wa_Jinja

Mwalimu, nimesoma mpaka mwisho na nimekuelewa. Swali langu ni la mwananchi. Kuna watu wanasafiri usiku kucha kutoka Karamoja na West Nile kuja kupimwa Kampala, foleni ndefu. Wewe unataka kamera hiyohiyo imhudumie panya?

Makindye_Fizikia

Mzee wangu, swali lako ni la haki na nalijibu moja kwa moja: mgonjwa asisogezwe hata dakika moja. Nazungumzia saa ambazo chumba kimefungwa.

Lakini panya huyu anafanya kazi kwa ajili ya mgonjwa. Nchi yetu inatumia mitishamba sana, na sisemi kwa kuidharau, ipo inayotibu. Figo haina namna ya kulalamika mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Brussels wanawake waliokuwa wakihudhuria kliniki ya kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mmea wa jamii ya Aristolochia. Wengi figo zao zilikufa, na baadhi baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Mmea huo ulikuwa umetumika kwa karne nyingi sehemu mbalimbali za dunia, watu wakiuamini. Hapa Wandegeya tuna taasisi ya serikali ya utafiti wa dawa za asili, na Makerere kuna watu wanaofanya kazi hiyo kwa moyo. Nataka wapate jicho la kuiona figo ikianza kuumia, kabla mama wa Masaka hajanunua chupa sokoni.

Mzee_wa_Jinja

Hapo umeniingia. Endeleeni, nipo nasoma.

Kijana_Gulu

Habari zenu wakubwa zangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Nimesoma kwamba Ulaya wanapata picha za panya zenye ukali wa chini ya nusu milimita. Wanafanyaje, kama tundu dogo linapoteza hesabu? Na kwa nini tusiende moja kwa moja kwenye PET, ile kamera inayotumia dawa zinazotoa positroni?

Makindye_Fizikia

Mdogo wangu, wanatumia matundu mengi. Ukitoboa 75 yote yakimlenga mnyama, kila moja linachora picha yake kwenye sehemu yake ya kamera, na hesabu zilizopotea kwa udogo wa tundu zinarudi kwa wingi wa matundu. Ndivyo alivyofanya Freek Beekman na wenzake Utrecht, Uholanzi: silinda imemzunguka mnyama, ina matundu 75 madogo yaliyotengenezwa kwa dhahabu, na kamera kubwa tatu za kawaida zimepangwa nje yake. Hakuna kinachozunguka, ni kitanda tu kinachosogezwa kidogokidogo. Wakaanza na chini ya nusu milimita, baadaye wakashuka zaidi. Kinachonifurahisha ni hizo kamera: ni za aina ileile iliyomo hospitalini, na ujuzi wote umo kwenye chuma kilicho mbele yake.

Kazi nyingine inafanywa na kompyuta. Picha za pande zote zinaunganishwa kwa njia ya kukisia na kusahihisha. Programu inakisia dawa imekaa wapi mwilini, inakokotoa kamera ingeona nini, inalinganisha na kilichoonekana kweli, inarekebisha, inarudia. Shepp na Vardi waliiweka njia hiyo kwenye tiba ya nyuklia mwaka 1982, na leo laptopu yako ya chuo inaiweza. Ukitaka kuingia kwenye fani hii bila hata kugusa mionzi, anza hapo. Andika programu yako mwenyewe.

Kuhusu PET nawaachia wa Nairobi.

Rafiki_Nairobi

Nikusaidie hapo, ndugu. PET ya wanyama wadogo ilipata msukumo mkubwa kwa Simon Cherry na timu yake wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, mwaka 1997, walipojenga mashine yenye fuwele za milimita 2 kwa 2 na kufikia ukali wa milimita 1.8. Faida yake kubwa haihitaji kolimeta, kwa hiyo inanasa miale mingi sana ukilinganisha na tundu. Ila ina mipaka ya maumbile. Positroni, chembe inayotolewa na dawa, inasafiri kidogo kabla ya kukutana na elektroni na kugeuka miale miwili, na wewe unaona pale ilipofia, si pale ilipozaliwa. Kwa florini-18 safari hiyo ni kama milimita 0.6 kwa wastani. Kwa galiamu-68 ni ndefu zaidi mara kadhaa, na kwa kipanya hilo ni tatizo la kweli. Halafu miale miwili haitoki kinyume kabisa, inapinda kidogo sana. Kwenye pete ya sentimita 80 ya binadamu inaongeza ukungu wa karibu milimita 1.8, kwenye pete ya sentimita 15 ya panya ni 0.3 tu.

Sisi huku saiklotroni, mashine za kutengenezea dawa hizo za mionzi, zipo. Lakini florini-18 nusu-uhai wake ni dakika 110. Ikitoka kwetu, ipite uwanja wa ndege, ipande, ishuke Entebbe, ikaguliwe, ifike maabara, tuseme saa 4 kwa bahati njema, imebaki kama asilimia 22. Inawezekana, lakini utafiti wa kila wiki hauwezi kuning'inia kwenye ndege. Na mashine yenyewe ya PET ya wanyama mtainunua kwa fedha gani? Kwa maoni yangu mleta uzi yuko sahihi kuanza na tekinetiamu.

Daktari_Mbarara

Wenzangu, naomba niwe mkali kidogo kwa sababu chumba hicho nakifahamu.

Kwanza, panya anakojoa. Akikojoa juu ya kolimeta, tekinetiamu iliyomo kwenye mkojo itaonekana kwenye picha ya mgonjwa wa kwanza Jumatatu kama doa la saratani kwenye mfupa. Pili, kubadilisha kolimeta ndiyo kazi inayovunja fuwele. Kipande hicho ni kizito, fuwele ya sodiamu ayodaidi haipendi kugongwa wala kubadilishiwa joto ghafla, na ikipasuka hakuna wa kuibadilisha hapa nchini kwa haraka. Tatu, kuna wagonjwa waliopungukiwa kinga wanaolala juu ya kitanda kilekile. Manyoya ya panya, mzio, vimelea, nani anajibu? Nne, leseni ya hospitali inataja kazi zake. Ukiongeza wanyama, Baraza la Nishati ya Atomiki lazima lijulishwe na liridhie kwanza, kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2008, na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia liusajili utafiti, baada ya kamati ya maadili ya wanyama kuupitisha.

Sipingi sayansi. Napinga haraka.

Makindye_Fizikia

Daktari, nashukuru sana, haya ndiyo niliyokuwa nikiyasubiri. Nakubaliana na yote manne.

Mkojo: panya alale ndani ya nusu bomba la plastiki lenye mifuniko pande zote, juu ya karatasi inayonyonya, na plastiki nyingine ifunike kolimeta. Tukimaliza, kamera ipigwe picha tupu ya dakika 10, na namba iandikwe kwenye daftari la chumba. Ikizidi ile ya kawaida, hakuna mtu kuondoka mpaka ipatikane sababu. Matandiko ya kizimba nayo ni taka za mionzi, lakini za muda mfupi. Nusu-uhai 10 ni saa 60, inabaki chini ya sehemu moja ya elfu. Siku tatu ndani ya sanduku la risasi, unapima, unatupa kama taka za kawaida za wanyama.

Kolimeta: hospitali nyingi zenye kamera ya gama zina kolimeta ya tundu kwa ajili ya tezi ya shingo, na inafungwa na fundi sanifu kwa utaratibu wa mtengenezaji. Sisi tunabadilisha kile kipande kidogo cha mdomoni tu. Kilichomo ni cha milimita 3 hadi 5, tunaweka cha 1. Kolimeta kubwa asiiguse mtu mwingine.

Lakini hoja ya wagonjwa waliopungukiwa kinga imeniinamisha kichwa, na nadhani inatuelekeza kwenye lengo la kweli. Kamera za kichwa kimoja zinaondolewa hospitalini pale kamera mpya ya vichwa viwili inapofika. Kichwa kimoja hicho, kikihamishiwa jengo la wanyama, kikapewa umeme wa uhakika na kiyoyozi, ndicho kinachotutosha kwa miaka mingi. Panya hamhitaji kamera kuzunguka. Yeye ndiye anazungushwa, ndani ya bomba lake, kwa mota ndogo ya hatua. Hospitali iwe mahali pa kuthibitishia tundu kwa vimirija vya kioo, bila mnyama hata mmoja. Wanyama wasubiri kamera yao.

Daktari_Mbarara

Kwa mpangilio huo niko pamoja nanyi. Wanyama wasiingie chumba cha wagonjwa. Hilo likishakubaliwa, mengine yanajadilika.

Nnalongo_Banda_la_Panya

Jamani, mimi natunza panya kwa kazi, na naona mnazungumza fuwele na tangsteni kana kwamba panya atajidunga mwenyewe. Picha nzima inategemea sindano ya kwanza.

Mkia una mshipa wa vena kila upande. Panya akiwa na baridi, mishipa hiyo imejikunja na huioni. Kwa hiyo kizimba kikae kwenye joto la kutosha, au mkia uchovywe kwenye maji ya vuguvugu, usiwe moto, mpaka uone mstari wa buluu umejitokeza. Mgeuze mkia robo mzunguko ili mshipa uje juu. Sindano nyembamba, uiingize karibu sambamba na ngozi, anzia theluthi ya mwisho ya mkia, kusudi ukikosea ujaribu tena upande wa kuelekea mwilini. Ukiwa ndani, dawa inaingia bila kukataa. Ukihisi inasukuma kidole chako, au ukaona uvimbe mweupe, acha hapohapo. Kwa kipanya usizidishe mililita 0.1 hadi 0.2, kwa sababu damu yake yote haifiki mililita 2 na nusu.

Sasa kwa kazi yenu: sirinji ipimwe kabla na baada, saa iandikwe. Na mkia upigwe picha pia! Dawa iliyovujia mkiani haikufika kwenye figo, na mtafiti asiyeangalia mkia atasema figo zimeharibika kumbe sindano ndiyo iliyoharibika.

Jambo la pili ni nusukaputi. Watu wengi hapa wanatumia ketamini na zailazini kwa kuwa mashine ya isofulureni, nusukaputi ya kuvuta, ni ghali. Zailazini inapandisha sukari ya damu na inamfanya mnyama akojoe sana. Mkimlaza kabla ya dawa kufika kwenye figo, mtapima zailazini badala ya mmea wenu.

Makindye_Fizikia

Nnyabo, ubarikiwe. Hili la mwisho lina njia nzuri kwa DMSA. Dawa inahitaji saa 2 hadi 4 kukaa kwenye figo. Panya anadungwa akiwa macho, anarudi kizimbani kwake, anakunywa maji, anatembea. Kazi yote ya figo inafanyika akiwa katika hali yake. Nusukaputi inakuja mwishoni, kwa ajili ya kutulia tu, wakati picha ya figo imekwisha kujiandika ndani. Kwa vipimo vinavyofuata mkojo sekunde kwa sekunde usingeweza kufanya hivyo. Ndiyo sababu nyingine ya kuanza na DMSA.

Naongeza jambo moja la upande wangu linalosahaulika. Tundu haliwatendei wote sawa. Figo ikisogea kutoka milimita 40 hadi 45, hesabu zinapungua kwa karibu sehemu moja ya tano, bila figo kuugua hata kidogo. Kwa hiyo lile nusu bomba liwe na alama, panya alale chali au kifudifudi vilevile kila wiki, na pembeni yake kiwekwe kichupa chenye kiasi cha tekinetiamu kinachojulikana. Figo inasomwa kwa kulinganishwa na kichupa, na kushoto inalinganishwa na kulia. Pia kundi moja la panya lipewe gentamaisini, ambayo inajulikana wazi kwamba inaumiza mirija ya figo. Kama mfumo wetu hauoni madhara ya gentamaisini, hauna haki ya kusema mmea wowote ni salama.

Kijana_Gulu

Na tekinetiamu yenyewe itatoka wapi? Si ya wagonjwa?

Makindye_Fizikia

Inatoka kwenye genereta ya molibdenamu-99, ambayo nusu-uhai wake ni saa 66. Inakuja kwa ndege, Afrika Kusini ikiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Unaikamua kwa maji ya chumvi kila asubuhi, inajijaza tena kwa takribani siku moja. Iliyoanza wiki Jumatatu, Jumamosi asubuhi bado ina asilimia 28 ya nguvu yake, na Jumamosi kliniki imefungwa. Genereta ya gigabekereli 20 inakuwa na zaidi ya 5. Panya mmoja anahitaji megabekereli 37 au 40, haifiki hata sehemu moja ya mia. Hiyo inaozea ndani ya risasi kila mwisho wa wiki bila kumsaidia mtu.

Entebbe_Ziwani

Nimefuatilia uzi huu kwa furaha, naomba nipanue kidogo. Kazi ya vipanya si ngeni Uganda. Mwaka 1947 damu ya tumbili aina ya rhesus aliyewekwa kwenye msitu wa Zika ilidungwa kwenye vipanya hapa Entebbe, na ndiko virusi vya Zika vilikopatikana. Miaka kumi kabla yake, virusi vya West Nile vilipatikana kwa njia hiyohiyo, kutoka kwa mama mmoja wa wilaya iliyovipa jina. Wakati ule kipanya alikuwa akifa ndipo unajua kitu. Leo unaweza kutazama ndani yake akiwa hai.

Ninachokitamani mimi ni kifua kikuu. Marekani, watafiti wa Johns Hopkins wameibandika rifampisini kaboni-11 na kuitazama kwa PET ikiingia kwenye ubongo wa sungura wenye homa ya uti wa mgongo ya TB. Wakaona dawa inaingia kidogo kuliko tulivyotaka, na inazidi kupungua kadiri uvimbe unavyotulia. Kwetu TB ya ubongo inaua watu kila siku. Lakini mnyama mwenye TB hawezi kulala kwenye bomba la plastiki. Wanatumia chumba kilichofungwa chenye vichujio vya hewa, mnyama anabaki humo muda wote wa picha. Je, mpango wenu una nafasi ya hilo?

Makindye_Fizikia

Kwa sasa hauna, na naomba usiwe nao. Wanyama wa kwanza wawe wazima, wasio na ugonjwa wowote wa kuambukiza. Tukishakuwa na kamera yetu kwenye jengo letu, boksi lililofungwa linaweza kuundwa kwa kuta nyembamba za plastiki. Miale ya 140 inapita humo bila shida. Malaria na malale ningeyaweka mbele ya TB kwa sababu ya usalama wa hewa, na Uganda ndiyo nchi yenye aina zote mbili za malale ya binadamu, ya gambiense na ya rhodesiense. Hapo tungekuwa na swali ambalo hakuna mwingine wa kutuulizia.

Fundi_Katwe

Habari za jioni mabwana na mabibi. Mimi ni fundi wa lezi hapa Katwe, kijana wangu wa chuo ndiye aliyenionyesha uzi huu. Tangsteni sikushauri uanze nayo. Ni ngumu, inavunja biti, na biti ya milimita 1 ikivunjikia ndani umepoteza kipande chote. Wewe mwenyewe umesema tofauti yake na risasi ni ndogo. Nipe vipimo: tundu liwe na umbo gani, koni pembe ngapi, unene kiasi gani?

Makindye_Fizikia

Ssebo, asante kwa kujitokeza. Anza na risasi, nimekubali. Isiwe ya betri chakavu za magari, moshi wake ni sumu na watoto wanapita hapo nje. Nitakuletea kipande cha karatasi ya risasi ya kinga ya chumba cha eksirei, hakihitaji kuyeyushwa, kinakunjwa na kugandamizwa. Unene milimita 6. Koni mbili zinazokutana katikati, kila moja digrii 65, na zinapokutana ndipo liwe tundu la milimita 1. Ukingo wa hapo katikati uwe mkali. Risasi ni laini, kwa hiyo usiusafishe kwa kitambaa wala ukucha, tumia hewa.

Fundi_Katwe

Digrii 65 nina biti ya 60, nitainoa. Ila ukingo mkali wa risasi hautadumu. Kila mkikifunga na kukifungua utajikunja. Kwa nini nisikutengenezee vitatu pamoja na kishikio cha shaba cha kuvikinga, mkiharibu kimoja mnaweka kingine? Na nani atanithibitishia kwamba ni milimita 1 kweli? Kalipa yangu haiingii humo.

Makindye_Fizikia

Vitengeneze vitatu, na kishikio cha shaba ni wazo zuri. Tundu tutalipima kwa hadubini ya chuo, yenye kipimio ndani ya lenzi, pande zote mbili. Likiwa 0.9 au 1.1 si neno, mradi tulijue na liwe duara. Baada ya hapo nitajaza vimirija vya kioo vya kipenyo cha milimita 1, vile vya kuchukulia damu kidoleni, niviweke vikiwa vimeachana milimita 2, kisha milimita 3, kisha 4, na Daktari atatutafutia saa ya chumba Jumamosi moja, bila mnyama. Vya milimita 2 vikionekana viwili, naandika maombi kwa Baraza. Vikionekana kimoja, nakurudishia vipande vyako na hadubini tunaitazama pamoja.

Fundi_Katwe

Alhamisi vitakuwa tayari. Njoo na hiyo risasi kesho asubuhi kabla umeme haujakatwa.